Zima AC, Baba Anapiga Gitaa

Mambo yote yale yalitugharimu dirham themanini na mikono ya baba. Nianze na hizo themanini, maana nilizipigania mwenyewe.

Familia moja iliyokuwa ikihama Silicon Oasis, hapa Dubai, ilikuwa inauza seti nzima ya gemu ya bendi: mashine ya kuchomeka kwenye televisheni, magitaa mawili ya plastiki, ngoma nne za kugonga kwa vijiti, na maiki. Walitaka mia moja na hamsini. Baba alinichukua, mimi wa miaka kumi, kwa sababu alishagundua kwamba muuzaji akimwona mtoto mwembamba bei hulegea. Nilihesabu vipande, nikavihesabu tena, nikakuta kanyagio la ngoma kubwa halipo.

"Madam, hii ngoma haina mguu," nikasema.

Themanini, khalas, tukamalizana. Baba alicheka mpaka kituo cha basi. Kanyagio alilitengeneza mwenyewe gereji, kwa bawaba ya mlango wa pikapu iliyogongwa, na likawa imara kuliko ngoma zenyewe.

Yamenirudia haya kwa sababu ya sauti moja. Gitaa lile halina nyuzi. Lina vitufe vitano vya rangi shingoni na kijiti katikati cha kugonga kwa kidole gumba. Mashine ikiwa imezimwa hakuna muziki, kuna tak, tak, tak tu, kama mtu anayekata kucha chumba cha pili. Juzi gitaa moja kati ya yale mawili limerudi mikononi mwangu. Nitawaambia limetoka wapi.

Tulikaa Al Ras, juu ya duka la viungo. Nguo zetu zilinuka karafuu na ndimu kavu hata zikitoka kufuliwa, na shuleni waliniita Pilau. Baba alikuwa fundi wa bodi za magari huko Al Quoz. Gari likija limekunjamana, yeye ndiye aliyelinyoosha, kisha akashika mashine ya msasa, ile inayotetemeka na kunguruma, asubuhi hadi jioni, mpaka mlango ulainike kama yai. Mama alifanya kazi ya usafi hotelini. Lakini mimi, yeye na kaka yangu Wafula sote tuliishi kwa visa ya baba. Kazi yake ikiisha, sote tunapanda ndege kurudi kwetu Webuye. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko, na siku ya bendi. Wafula kwenye ngoma, baba na mimi kwenye magitaa, mama kwenye maiki. Nyimbo zilikuwa za Wazungu wenye hasira, na mama hakujua neno hata moja. Akagundua kwamba mashine haisikilizi maneno, inapima tu kama sauti imepanda au imeshuka panapotakiwa. Basi akaimba haleluya toka mwanzo hadi mwisho, na mashine ikampa nyota tano. Wafula alilala sakafuni kwa kicheko. "Mama amewaokoa hawa watu!" akasema.

Kuokoa kulikuwamo pia kwenye gemu. Mchezaji akikosea sana alianguka, jina lake likawa jekundu, ala yake ikanyamaza. Mwenzake aliyekuwa amepiga vizuri aliweza kuinua gitaa juu, na aliyeanguka akafufuka. Mara mbili tu. Akianguka ya tatu, haokoleki.

Mwanzoni baba alitushinda sote. Alikuwa na vidole vinene vyepesi. Kisha akaanza na sheria yake: "Zima AC kwanza."

Hebu fikirini. Agosti, Dubai, watu wanne chumbani, ngoma, na AC imezimwa. Tulitoka jasho kama vyungu. Mimi nilijua sababu, au nilidhani najua: bili ya umeme. Nilijivunia hata. Nikaona baba yangu ni mtu wa hesabu kama mimi, na Wafula alipolalamika nikamtetea. "Unataka ubaridi, ulipe wewe," nikamwambia. Baba alinitazama, akarudi kwenye vitufe vyake. Nilidhani amefurahi.

Lakini hata kwenye joto lile alianza kuanguka. Tulimshusha kutoka ngazi ya wataalamu hadi ya kati, halafu hadi ile ya watoto, yenye vitufe vitatu. Nilimwinulia gitaa langu kila Ijumaa.

"Baba, wewe umeokoka mara nyingi kuliko yule mlevi wa kanisani," Wafula akamchokoza.

"Na bado nitarudi nyuma," baba akajibu, akikunja na kukunjua ngumi. "Kidole hiki leo kimegoma."

Ijumaa moja mama aligoma pia. Alisema hatakufa kwa joto ndani ya nyumba yenye AC, akaiwasha. Hatukufika katikati ya wimbo, mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Salma, jirani yetu wa mkabala, bibi wa Kizanzibari aliyekaa jengo lile tangu kabla lifti haijaanza kuharibika.

"Enyi, watu wanajitayarisha kwenda kusali, nyie mnatwanga nini humu?" akasema. Kisha akaona mkono wa baba juu ya vitufe, akasogea. "Baba Wafula, vidole vyako mbona vyeupe hivyo? Vyeupe kama vya maiti!"

Baba aliuficha mkono nyuma ya gitaa. "Ni rangi tu, Bi Salma. Rangi ya magari."

"Rangi gani inayokomea kwenye fundo la kidole?"

"Ya magari, bibi."

Bi Salma hakubishana. Alikwenda kwake, akarudi na bakuli la maji ya moto, akaliweka mezani, akaondoka. Mama alizima AC. Mimi niliangalia, na kwa kawaida yangu niliangalia tena. Kucha zilikuwa safi. Na baada ya muda ndani ya yale maji, weupe uliondoka wenyewe, vidole vikawa vyekundu, baba akauma meno. Rangi ya gari haitoki kwa maji, ninyi mnajua. Nilijua na mimi. Ila nilikuwa na miaka kumi, na baba amesema ni rangi.

Haukupita muda, akaangusha bunduki ya kupulizia rangi juu ya boneti ya mteja. Arbab, mwenye gereji, hakumfukuza. Alimpa fagio, na baadaye akamwambia: Jumamosi njoo, nitakupa mlango mmoja uumalize peke yako. Ukitoka sawa, nitakufanyia visa tena. Usipotoka sawa, kila mtu na njia yake. Haya aliambiwa mama. Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba kesho baba ana kazi kubwa.

Ijumaa ile alizima AC mwenyewe. Akachagua ngazi ya kati, ile aliyokuwa ameshaiacha. Akatugeukia. "Leo msiniokoe. Mnasikia? Nataka nijue."

"Ujue nini?" nikauliza.

"Piga gitaa lako, Nekesa."

Tukaanza. Kwa muda alikwenda vizuri, na nikamsikia akipumua kwa mdomo kama mtu anayebeba gunia ngazini. Kisha kidole cha tatu kikachelewa. Kikachelewa tena. Jina lake likawa jekundu, na gitaa lake likanyamaza. Mimi nilikuwa na nguvu tele za kumfufua, mwanga ulikuwa unawaka pembeni mwa jina langu. Nilimtazama. Alitikisa kichwa. Sikuliinua gitaa langu, kama nilivyoambiwa, na tukaumaliza wimbo bila yeye, mama akiimba haleluya kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Mashine ikatupa nyota tatu.

Baba alivua ukanda wa gitaa. "Basi," akasema. "Mama Wafula, teremsha masanduku."

Jumamosi basi la kampuni lilikuja, likapiga honi, likaondoka bila baba.

Miaka mingi nilimchukulia kama mtu aliyekata tamaa kwa sababu ya gemu. Nilikuja kuelewa hapa hapa Dubai, nimerudi mtu mzima kufungasha mizigo ya watu Al Ras, nilipomwona fundi mmoja amesimama nje ya duka lenye ubaridi, ananunua kupitia mlangoni, hataki kuingia. Nikamtazama vidole. Mashine ya msasa inaua mishipa pole pole, akaniambia, na ubaridi ndio unaokusaliti: vidole vinakuwa vyeupe, vinakufa ganzi. Hospitali hakwenda, aliogopa habari zimfikie arbab. Nikasimama pale na risiti za watu mkononi. Baba naye hakwenda hospitali. Sisi tulikuwa tunacheza; yeye alikuwa anajipima, kila Ijumaa, kwa kifaa pekee ambacho kisingekwenda popote kumsema. Na ile AC haikuwa bili.

Sasa gitaa. Tulipoondoka, Bi Salma alilichukua, akaliweka chini ya kitanda chake miaka yote hii. Amefariki mwaka huu, na mjukuu wake akaniletea. Niliwapigia simu Webuye kuwaambia. Baba, ambaye siku hizi mama ndiye anayemfunga vifungo vya shati, alisema, "Litume."

Mama akachukua simu, akatoka nayo nje, niliwasikia kuku. "Usilitume, Nekesa. Ameanza kulala vizuri."

Sanduku lao la mzigo liko hapa mbele yangu, limebaki wazi upande mmoja. Nimepima nafasi mara mbili: gitaa linaingia. Wenzangu mnaotuma vitu nyumbani, nishaurini, nimsikilize nani kati ya hawa wawili? Gari la mzigo linakuja Alhamisi. Nimezima AC, nimelipakata, na kidole changu hakiachi kugonga.