Nguruwe Anayeitika

Juzi nilifuata barua ya utambulisho katika ofisi ya kata, Chapwa. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akisomewa na ofisa sheria ndogo za mji: nguruwe hafugwi karibu na makazi.

“Banda langu limezitangulia nyumba hizo, baba.”

“Mji umekufikia, mama. Achinjwe kabla ya Ijumaa, au tuje wenyewe.”

“Huyu si wa nyama. Aliachwa na marehemu binti yangu. Nikimwita, huja.”

“Kitimoto ni kitimoto,” alisema ofisa, akifunga jalada. “Basi tukija umwite wewe, asitusumbue.”

Mama aliikunja kanga mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. “Nitamwita.”

Niliisoma sheria ile ubaoni. Imetaja umbali wa banda, sakafu na mfereji wa kinyesi. Atakayemwita nguruwe haikumtaja.