Njia ya Tingatinga

Kilima chetu kiko kusini mwa mji wa Kisii, na mgeni hukijua kabla hajafika. Migomba ya kando ya barabara ina vumbi jeupe juu ya majani, hata siku ambayo mvua imenyesha asubuhi. Ni vumbi la jiwe la sabuni, lile laini ambalo wachongaji wetu hutengenezea visahani, viboko na vifaru vya kupeleka Nairobi na ng'ambo. Kilima hicho ndicho kimenilea. Niliacha shule darasa la tatu, nikaingia shimoni na mtaimbo mrefu kuliko mimi. Nyumba yangu ya matofali, vyumba vyangu vya kupangisha kule Nyanchwa, watoto wanne waliomaliza chuo, vyote vimetoka humo shimoni. Sisemi hivi kwa majivuno. Au tuseme ni majivuno. Nimefanya kazi ya kutosha kuyalipia.

Mwaka juzi mwekezaji mmoja alinunua kipande cha ardhi upande wa machweo wa kilima. Akaleta tingatinga, likachimba majuma machache tu, na kule chini kukatokea rundo la mawe ambalo sisi na mitaimbo tungelitoa kwa miezi mingi. Halafu akasema anataka kupanua. Anataka upande wote wa mashariki, kule ambako vijana wetu wanachimba kwa mikono. Wenye mashamba watalipwa, vijana wataajiriwa, barabara itawekwa murami, ile changarawe nyekundu.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Kati ya barabara na upande wa mashariki kuna shamba la marehemu baba yangu. Kaka yangu mkubwa alifariki kabla hatujagawana, na mimi ndiye niliyezunguka ofisi za ardhi mpaka cheti kikatoka, kwa hiyo cheti kina jina langu peke yangu. Lakini kwenye nusu ya chini anakaa mjane wa kaka yangu. Nyumba yake iko pale, kaburi la mumewe liko kando ya nyumba kama desturi yetu ilivyo, na banda ambamo yeye na wanawake wenzake husugua mawe kwa msasa na maji liko papo hapo. Njia ambayo kampuni ilichora ilipita katikati ya boma lake. Mtu wa kampuni alisema nyumba itajengwa upya mahali pengine na kaburi litahamishwa kwa heshima zote. Hakuna aliyeuliza heshima hizo zinaonekanaje.

Basi kilima kizima kikajua kwamba neno ni langu. Mimi pia nilijua, na sitadanganya, lilinipendeza.

Chifu aliitisha baraza siku ya Jumamosi. Sijui nani alimshauri. Nusu ya kilima ni Wasabato, na Jumamosi sisi hatuendi mahali isipokuwa kanisani. Wakaja Wakatoliki na mtu wa kampuni na viti vingi vitupu. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hata matangani huwachekesha watu, alisimama akasema kwamba kwa kuwa wapinzani wote wako mbinguni leo, kura imepita. Chifu akalisogeza baraza hadi Jumatatu.

Jumatatu uwanja wa shule ulijaa. Mzee mmoja anayelima bondeni alisema tayari kijito kinateremka na matope meupe, ng'ombe wake wananusa maji na kugeuka, na kama hayo ni majuma machache ya tingatinga, miaka itakuwaje? Mwenye duka la pale njia panda akamjibu kwamba hao ng'ombe wamezoea kudeka. Yeye alitaka mashine hata kesho, kwa sababu wafanyakazi wa mshahara hununua mkate kila siku, na wachimbaji wa vibarua hukopa. Mama mmoja akamwambia aseme kweli, kwamba yeye haitaki mashine, anawataka wateja wa mashine. Watu wakacheka, naye akacheka.

Kisha akasimama mpwa wangu, mtoto wa marehemu kaka yangu. Ni mtu mzima, ana watoto wawili, na ndiye kiongozi wa wachimbaji wa mashariki. Hakuongea na chifu. Alimgeukia mama yake, aliyekuwa ameketi na wale wanawake wa msasa.

"Mama, wewe unalisugua jiwe ukiwa juani," akasema. "Mimi nalitoa nikiwa chini ya udongo. Na udongo ule mvua ikinyesha haungoji mtu atoke."

Kila mmoja pale alimjua mtu aliyefunikwa. Tunachimba kwa kwenda chini kisha kando, tukilifuata jiwe, na juu ya kichwa unabaki udongo mwekundu unaoning'inia. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilifukiwa hadi kiunoni, na hadi leo mguu wa kushoto hunijulisha mawingu kabla ya redio. Tingatinga huondoa udongo wote juu, shimo likabaki wazi kama sahani. Hayo ndiyo yaliyonivuta. Sikuvutwa na murami wala ahadi.

Nikasimama nikasema. Nilisema mimi ndiye mchimbaji wa zamani kuliko wote walio hai katika kilima hiki, na hakuna mtu wa kunifundisha jiwe. Nikasema nimeliona lile rundo la upande wa machweo, mapande makubwa kama meza, na mwenye akili hawezi kumwacha mtoto wa ndugu yake chini ya udongo wakati kazi inaweza kufanywa hivyo. Nikasema nitatoa njia, na shemeji yangu nitamjengea nyumba nzuri kuliko aliyo nayo. Vijana wakapiga makofi. Nikaanza kuketi.

Shemeji akauliza akiwa palepale alipokaa, wala hakuinua sauti.

"Shemeji, yale mawe umeyagonga?"

Ni lazima nieleze swali hilo, maana kwetu ni kama kumuuliza mchungaji kama amewahi kufungua Biblia. Jiwe la kuchonga hugongwa kwa kifundo cha kidole kabla halijatoka shimoni. Zima hulia. Lenye ufa ndani hujibu kama debe lililotoboka, hata kama kwa nje ni safi. Ni somo la siku ya kwanza.

"Mimi niligonga mawe kabla wewe hujaolewa katika kilima hiki," nikamwambia.

"Sikuulizi ya zamani. Nakuuliza yale."

Watu waliangua kicheko, na mwalimu mstaafu alicheka kuliko wote. Nikamwambia chifu tuendelee na ajenda. Baraza likafungwa kwa makubaliano kwamba nitatoa jibu la mwisho barazani baada ya juma moja.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimeyagonga. Nilikuwa nimesimama mbele ya rundo lile mikono nyuma, nikitazama ukubwa wake kama mtoto anayetazama keki ya arusi. Mtu wa kampuni aliniita mtaalamu, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda upande wa machweo peke yangu. Mlinzi ananijua, akanifungulia. Nikagonga pande la kwanza, likalia vizuri, nikafurahi. La pili likanyamaza. La tatu likanyamaza. Nikazunguka rundo zima hadi kifundo kikauma. Yaliyolia yalikuwa machache, tena ni yale madogo ya pembeni. Ndipo nikatazama ukuta wa shimo mahali lilipotoka, nikaona alama za meno ya chuma. Sisi tunautafuta mshipa wa jiwe, tunaingiza mtaimbo polepole, tunalibembeleza mpaka liachie lenyewe. Tingatinga halijui mshipa. Linapiga, na jiwe linatoka likiwa kubwa na limekwisha vunjika ndani.

Nilimwomba mlinzi kipande, nikakibeba begani hadi kwa shemeji. Nikakiweka karibu na karai lake la maji. Alikisugua upande mmoja kwa msasa mgumu, kisha laini, akakichovya majini na kukipangusa kwa kitambaa, tukakingoja kikauke. Jiwe likawa jeupe tena lote, isipokuwa nyuzi tatu nyeusi zilizokatiza katikati. Ufa hunywa maji na haurudishi upesi.

Akaniambia mchongaji mmoja alikuwa amenunua mawe ya pale, na visahani alivyotoa vilirudishwa na mnunuzi wa Nairobi, boksi zima, vimegawanyika. Mnunuzi akisikia mara mbili kwamba jiwe la kilima chetu linapasuka, atakwenda kununua vya mbao. Na hapo wataumia wachongaji, wanawake wa msasa na hao vijana wenyewe.

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo kwa sababu nilikuwa nimeshindwa, kama basi anataka mwanawe aendelee kulala chini ya udongo.

Aliweka kitambaa chini. "Yule nilimzaa mimi," akasema. "Wingu likitanda sisugui tena, nasikiliza tu. Usinifundishe uchungu wa mtoto wangu."

Nikaomba radhi. Si kazi niliyoizoea.

Kisha akasema jambo ambalo watu wa kilima siku hizi hunisifia mimi, nami nataka ijulikane ni lake. Alisema shida si jiwe, shida ni udongo. Mashine na iondoe udongo tu, ikifika kwenye jiwe isimame, halafu watu washuke na mitaimbo yao. Nikamwambia hilo ni neno la maana, lakini mashine bado inahitaji njia, na kama si hapa kwake itapita wapi? Alitazama juu ya kilima, kwenye nusu yangu ya shamba, ambako chai yangu inashuka kutoka barabara ya juu hadi ukingo wa machimbo. Nami nikaitazama. Chai ile niliipanda mwenyewe, mche kwa mche, na mke wangu ndiye anayeichuma.

Baraza la pili lilikuwa fupi. Nilisema nilikosea, kwamba nilisifu mawe ambayo sikuyagonga, na kwamba njia ya kupita bomani mwa shemeji yangu haipo. Mpwa wangu alisimama kwa hasira akasema baba mdogo amenunuliwa na kina mama. Nikamwambia hakuna mwanamke wa kilima hiki mwenye uwezo wa kuninunua, na kwamba nitaleta tingatinga la kuondoa udongo juu ya kichwa chake kabla ya mvua za masika, litapita katika chai yangu. Akaketi. Mtu wa kampuni alieleza kwa adabu kwamba mwekezaji hawezi kuleta mashine ya kufagia udongo ili watu wachimbe kwa mikono. Faida iko wapi? Nikamwambia nimemwelewa, na kwamba mlango wa kutokea uwanjani ni uleule alioingilia. Kwaheri ilikuwa ya amani. Chai ya chifu tuliinywa pamoja.

Siri ya nyumbani sitaisema yote. Mke wangu, aliyezaliwa Nyamache ambako mtu hulelewa katikati ya chai, alitembea kwenye mistari ile jioni moja bila kikapu. Akaniuliza kama nimekosa kabisa mahali pengine pa kuwa shujaa. Nikamwambia mtoto wa kaka yangu ni mtoto wetu. Akasema hilo analijua, hakuuliza hilo.

Tukang'oa mistari kumi na miwili. Mtu mmoja wa Masimba mwenye tingatinga la kukodisha alileta dereva wake, na wachimbaji wote wakachangia mafuta, hata wale walionitukana. Mpwa wangu alisimama mbele ya kile chuma na fimbo mkononi, akimwongoza dereva. Udongo mwekundu ulipoanza kuchanganyika na weupe, aliinua fimbo na dereva akazima. Kisha akashuka, akapiga magoti, akagonga.

Masika ya mwaka huu yalikuwa makali. Kuta zetu za mashariki zimekatwa kwa mteremko, shimo limefunguka juu, na hakuna aliyefukiwa. Wapo wanaosema bado kwamba mzee mmoja mkaidi amekizuia kilima kupata barabara ya murami, na murami kweli haujaja. Mkulima wa bondeni naye ananilaumu kwa matope ya ule udongo tulioondoa, na hapo ana haki; tunachimba mtaro. Kampuni imeacha rundo lake pale pale, nyasi zinaota katikati. Nusu ya chini ya shamba nimeiandikisha kwa jina la shemeji, kwa sababu nilitambua ingetosha mimi kufa na mwanangu mmoja kusifiwa mbele ya watu kama mimi, boma lile lipotee.

Juma lililopita mpwa wangu alikuja kwangu na mkungu wa ndizi, akaketi, akasifu hali ya hewa. Nikajua ana haja. Mwishowe akasema jiwe la kule mwisho wa shimo linaingia ndani zaidi, na udongo wa upande ule nao unaning'inia.

"Baba mdogo, ni mistari mingine minane tu."

Nikamwambia mimi sina neno, lakini mchumaji wa chai hiyo yuko jikoni, akamwombe. Alitazama mlango wa jikoni, akautazama mkungu wake, akaaga.