Kinu Kilichoshangilia Msiba Wetu

Siku baba mkwe wangu alipofariki, majirani walituletea pongezi.

Sitanii, jamani. Maiti iko ndani, mlangoni mama wa watu anatabasamu hadi jino la mwisho.

Tunaishi ndani ya kinu cha upepo, huku Groningen, Uholanzi. Babu wa mume wangu ndiye aliyekijenga. Baba mkwe, Mzee Wiebren, akawa msagaji wa mwisho. Mashine za umeme zikamnyang'anya wateja, kinu kikakaa bure, mpaka mume wangu Harmen alipokigeuza nyumba. Palipokuwa na mawe ya kusagia ndipo tulipoweka kitanda cha mzee.

Mzee alitoa sharti moja tu: mabawa yasing'olewe.

Huku kinu hutoa habari za nyumba. Bawa la juu likiinama kulia, kuna harusi au mtoto. Likiinama kushoto, kuna msiba. Mzee aliwalilia nusu ya kijiji kwa mabawa yale, na yeye alitaka aliliwe.

"Nikifa, lilale kushoto kidogo. Umenisikia wewe?"

"Kushoto, baba. Nimesikia."

Alipokata roho, Harmen alipanda juu na mtaimbo. Mimi na tumbo langu la miezi minane nikawa namwangalizia dirishani, kando ya kitanda cha mzee. "Kushoto bado... hapo hapo!"

Krak! Mhimili wa mabawa ukakwama.

Haukupita muda, hodi. Jirani yetu Geesje, na sinia la biskuti za sukari ya anisi, zile za kupongezea uzazi.

"Hongereni! Wa kike au wa kiume?" Akaliona tumbo. "Eh! Mbona bado?"

"Baba ametutoka, Geesje."

Akaliweka sinia chini. "Sasa mbona kinu kinashangilia?"

Tukakimbia hadi barabarani. Nilichoka. Bawa limelala kulia!

Msagaji hukitazama kinu chake akiwa nje, mbele yake. Sisi tulizoea kukitazama tukiwa ndani, kwa nyuma; kushoto kwetu ni kulia kwa aliye nje.

Harmen akarudi juu. Mafuta, kamba, wanaume sita. Wapi!

"Geuka basi, nakuomba," alikuwa akiuambia mhimili, machozi yanamtiririka.

"Acha, Harmen," fundi mmoja kati ya wale sita akamwambia. "Ukiulazimisha, mabawa yataanguka yawaue watu."

Jeneza la mzee likapita chini ya kinu kinachosherehekea. Hatukuwa na la kufanya. Niliumia, nisikufiche.

Tuliporudi nikaenda kukunja shuka zake. Nikajilaza palepale alipokuwa akilala, nikatazama dirishani.

Bawa limelala kushoto.

Kinu kilikuwa kinamlilia, ila ungeona hivyo ukiwa kwenye kitanda chake tu. Na yeye hakuwepo tena.

Ndugu yangu, ukirithi nyumba ya mtu, usiishie kuikalia ndani. Toka naye nje angali hai, simama anaposimama yeye, akuonyeshe.