Kuondoa Besi Kwenye Sauti ya Marehemu

Nilifika Kasongo nikitoka Salamabila, nyuma ya pikipiki, nikiwa na nia ya kulala siku mbili kisha niendelee mpaka Nyangwe kuuona mto. Nilikaa miezi saba. Sababu kubwa ni mama aliyenipangisha chumba, mjane wa Kiislamu aliyekuwa akiuza mawese na chumvi barazani kwake. Siku ya kwanza tu alinikuta nimeifungua redio yake, vipande vyote viko juu ya mkeka.

“Shule uliiachia wapi?” aliniuliza.

“Mwaka wa tano wa msingi, Mama.”

“Na ile iliyobaki unakuja kuimalizia ndani ya redio yangu?”

Alicheka, akaniachia redio. Nimelala katika nyumba nyingi, lakini ni chache ambazo mwenyewe aliniacha niharibu kitu ili nikielewe.

Kazi niliipata karibu na soko, katika kibanda cha kutoa fotokopi na kuingiza nyimbo kwenye simu za watu. Kompyuta yetu ilitegemea paneli ya jua, kwa hiyo saa zetu zilikuwa saa za jua. Spika mbili zilitazama barabarani, na kibanda kilikuwa na sheria moja: besi juu kabisa. Mahali penye sauti nyembamba watu hupapita kama pamefungwa.

Binti wa yule mama alikuwa anaolewa Wamaza, na pikipiki ya kumchukua ingekuja Alhamisi. Wiki moja kabla, mama aliniletea fleshi iliyofungwa ndani ya leso. Marehemu mume wake alikuwa msomaji wa kasida siku za Maulidi. Alifariki binti akiwa bado anabebwa mgongoni. Ndugu mmoja wa Kindu alikuwa amehamisha sauti hiyo kutoka kwenye kaseti, lakini nyumbani hapakuwahi kuwa na mashine ya kuifungulia.

“Mutoto hajui sauti ya baba yake,” alisema. “Mimi peke yangu ndiyo naijua. Nataka aisikie mbele ya kuenda kwa watu.”

Niliona nimepata njia ya kulipa wema wake, nikajituma siku nzima. Kaseti ilikuwa ikichemka kama mafuta kwenye sufuria. Nikaiambia programu isafishe, nayo ikasafisha. Nikaijaribu kwenye simu yangu, ikabaki sauti nyembamba, inayopitia puani. Niliona haya kwa niaba ya marehemu. Mtu wa heshima, kwa watu wa kwetu, anatazamiwa awe na sauti ya kifuani. Basi nikamwongezea besi, nikamwongezea na mwangwi kidogo, kama anasoma ndani ya msikiti mkubwa. Kisha nikawaita mama na binti yake.

Mama alikaa kwenye benchi, kichwa chini. Alisikiliza ubeti mmoja mzima.

“Huyu ni nani?”

“Ni Papa, Mama.”

“Hapana. Huyu ni mutu munene. Bwana yangu alikuwa mwembamba mpaka sauti.”

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja fotokopi alishindwa kujizuia. “Fundi, umefufua mutu wa nyumba ingine!”

Watu walicheka. Mama hakukasirika. Alimshika binti yake mkono, wakatoka, na nikamsikia binti akisema pale nje, “Lakini Mama, ni sauti nzuri.” Neno hilo lilinichoma kuliko kicheko. Alikuwa tayari kwenda Wamaza na baba niliyemtengeneza mimi.

Bahati nilikuwa nimefanyia kazi nakala, na fleshi yenyewe haikuguswa. Nikairudia ya asili, bila kusafisha, bila mwangwi. Bado sauti ilikuwa nzito na ina ukungu. Sikuelewa uzito huo unatoka wapi. Nikafunga kibanda, nikaenda kwa fundi wa mitambo wa redio ya mji, dada wa umri wangu asiyejua kusifu mtu.

“Ni wewe mwenye kibanda cha ngurumo?” ndivyo alivyonisalimia.

Alikuja hata hivyo. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua kurasa za mipangilio ambazo mimi nilikuwa nikizipita kwa sababu Kifaransa changu ni cha sokoni.

“Iko wapishi watatu humu,” alisema. “Programu inatia chumvi. Ordinatere, hii kompyuta yenyewe, inatia chumvi. Spika nazo zinatia. Nani ataweza kula?”

Tukazima kwanza vikuza besi vya programu, kisha vile vya kompyuta, ambavyo sikujua kama vipo. Vifundo vya spika tukavirudisha katikati. Halafu akanionyesha jambo ambalo bado ninalifurahia ninapolikumbuka. Sauti zote za kompyuta, hata mlio wa ujumbe, hupita mlango mmoja, na hapo hupimwa upya kwa kipimo kimoja. Kasida ilihifadhiwa kwa kipimo cha vipande vya sauti elfu arobaini na nane kwa sekunde; mlango ulikuwa ukiikata iwe elfu arobaini na nne na mia moja. “Kama fundi cherehani anayeshonea mtaa mzima suruali ya saizi moja,” alisema. Tukaiambia programu iache mlango ule, iende moja kwa moja kwenye tundu la kutokea, ifunge njia nyuma yake ili mlio mwingine usipite, na isibadilishe kipimo.

Ikaanza kukatika-katika, maana mashine yetu ilikuwa imezeeka. Tukaongeza akiba ya sauti inayosubiri kabla ya kutoka, nayo ikatulia. Mwisho akachomeka kijisanduku chake, kidogo kama kipande cha sabuni, kinachogeuza namba kuwa sauti badala ya kompyuta. Akaniambia ukubwa wa sauti ndani ya programu niuache umejaa, nipunguzie kwenye kijisanduku.

“Ukikimbia nacho Nyangwe,” alisema, “nitakufuata mtoni na pirogi.”

Jumatano mchana niliwaita tena. Nilizigeuza spika zitazame ndani, nikarudishia mlango wa kibanda. Mtu akagonga: “Ee fundi, batri imekufa?”

“Haijafa. Leo tunasikiliza.”

Mwanzoni kulikuwa na ule mchemko wa kaseti.

“Ni mvua?” mama aliuliza.

“Ni kaseti, Mama. Nimeiacha.”

Kiti kililia mahali fulani. Mtu alikohoa. Kisha mwingine akasafisha koo, na mama akanyanyua kichwa. Marehemu akaanza, mwembamba, wa puani, pumzi zake zikisikika kati ya maneno, na matari yakimfuata kwa mbali. Mama alisubiri mstari wa pili, ndipo akaiambia spika, kama mtu aliyekaa mbele yake kwenye mkeka:

“Umeanzia juu tena! Sasa kule mwisho utapanda na nini?”

Na kweli, mwisho wa ubeti hakufika. Sauti za wenzake zikamdaka, na chini ya matari watu wakasikika wakicheka. Mama akacheka pamoja nao, akajifuta macho na upindo wa kitenge.

Binti hakucheka. Alikuwa ameweka mkono kooni. “Mama, hii ni sauti yangu.”

“Ni yako. Ulifikiri nilikuwa nakukataza kuimbia juu kwa sababu gani?”

Toka siku ile nimepita Kabambare, nimepita Nyangwe, na bado sijakaa. Namshukuru yule dada aliyenipa nusu siku ya kazi yake. Zaidi namshukuru mama. Angeweza kuniambia asante kwa yule mtu mnene, akaondoka, nami ningebaki fundi wa ngurumo mpaka leo.

“Rudisha mwanzo,” mama aliniambia mchana ule.

Nikarudisha. Safari hii binti aliingia pamoja na baba yake, juu vilevile, na mama hakumkataza. Kidole changu kilikuwa kwenye kifundo cha kijisanduku, nikitaka kuongeza kidogo tu. Nikakiondoa.