Sanduku la Vipuri la Halvard

Kwa miaka arobaini pale kisiwani Senja, Halvard hakuwahi kukokotwa na mashua ya mtu. Kikiharibika hiki, anacho kingine: mkanda wa pampu, filta ya dizeli, ndoana, mishipi, hata miwani. Kila kimoja alikifunga kwa kitambaa chenye mafuta na kukipanga katika sanduku la buluu. Wavuvi wenzake walimtania.

"Halvard, na mke wa akiba unaye humo?"

"Huyu nilonaye hajaharibika bado," hujibu, na Oddlaug mkewe hucheka kuliko wote.

Kisha akili zikaanza kumpotea. Alisahau jina la mjukuu wake, akaweka viatu ndani ya friji. Jostein, mtoto wao, akataka mashua iuzwe, na mnunuzi alikwishampata. Oddlaug alikataa katakata.

"Baba yako anasahau akiwa nyumbani tu. Baharini ni mzima. Tutatoka naye Machi hii, utaona mwenyewe."

"Na vipuri atapanga nani, mama?"

"Atapanga yeye."

"Basi angalau uvikague."

Hakuvikagua. Kwa watu hawa, kufungua sanduku la mvuvi ni kumwambia hafai tena, afadhali umtukane. Ni heshima ya kijinga, lakini ndiyo waliyolelewa nayo.

Siku ya safari bahari ilitulia. Halvard alishika usukani, akafika penye samaki bila kuuliza njia, akavuta mmoja mkubwa wa kujaza beseni. Oddlaug alimmiminia kahawa, akamkatia mkate na jibini la kahawia, moyoni akiwa amekwishamshinda mwanawe. Ndipo injini ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikazimika. Mkanda wa pampu ulikuwa umekatika.

"Usihangaike," Halvard alisema. "Ninao mwingine."

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na vijiko vya jikoni, uma, funguo za nyumba waliyohama zamani na soksi moja ya mtoto. Vyote vimefungwa kwa vitambaa vyenye mafuta, vimepangwa safi kabisa. Wiki nzima Oddlaug alikuwa akivitafuta vijiko hivyo, akidhani yeye ndiye anayezeeka. Kukatika kwa mkanda hakukumuuma. Kilichomuuma ni ule upangaji mzuri.

Halvard alichukua kijiko, akainamia injini, akajaribu kukipachika hapa na pale. Kisha mikono yake ikasimama.

"Oddlaug, hiki sicho, eti?"

"Sicho, mzee wangu."

Alilitazama sanduku kwa muda mrefu, uso umemshuka kwa hofu. "Nani kapanga vitu hivi?"

"Mimi," alisema Oddlaug. "Nimekosea. Nisamehe."

Halvard akashusha pumzi. "Ndiyo maana. Sanduku la mtu haliguswi, mke wangu. Miaka yote hii hujajua tu?"

"Sitarudia."

Akampa kahawa iliyobaki, akageukia upande wa pili ili asimwone machozi, akampigia Jostein simu.

"Njoo utukokote," alisema. "Na yule mnunuzi, mwambie aje kesho."