Shali la Ncha Nne

Mtu akikuambia kwamba Germana hajui kufuma, mwambie Maua wa sokoni Makambako amesema wewe ni mwongo. Kutoka Makambako mpaka Njombe sijaona mikono kama ile. Ila kufuma ni kazi moja na kumaliza ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ndiyo ilimshinda yule mama miaka ishirini na zaidi, mpaka nikaamua kumsaidia kwa matusi.

Mimi nauza mitumba. Biashara ilipofunguliwa na marobota ya nguo za Ulaya yakaanza kushuka Makambako, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kutandika turubai. Zamani zile tuliziita kafaulaya, na watu walizinunua ili wazivae. Germana peke yake alizinunua ili azifumue. Alikuja Jumatatu na basi la asubuhi kutoka Njombe, akainama kwenye rundo la masweta, akapitisha vidole kwenye kila mshono kama daktari anayetafuta uvimbe, kisha akasema, "Hili litakubali." Akakaa kwenye benchi langu, akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Kabla ya adhuhuri sweta la Mzungu mnene lilikuwa madonge matatu ya uzi ndani ya kikapu chake.

Halafu akaanza kufuma la kwake, na hapo ungempenda. Michoro ya maua, ndege na milima, yote kichwani bila karatasi. Mbele ya sweta inatoka safi, mgongo unatoka safi, mkono mmoja unatoka safi. Akifika mkono wa pili anasimama. Analigeuza juani. Anakunja uso.

"Kitanzi hiki kimelegea," anasema.

"Kipi?"

"Hiki."

Mimi sikioni, mteja wangu hakioni, Mungu pengine anakiona lakini amenyamaza. Germana anavuta uzi, na kazi ya wiki tatu inarudi kikapuni.

Njombe nzima ilimwita Mama Mkono Mmoja. Mwanawe Davis alisoma darasa la nne mpaka la saba na sweta lenye mkono wa kulia tu, na Njombe hiyo unaijua, mwezi wa saba mtu anaweza kutokwa machozi kwa baridi bila kufiwa. Mumewe, Bonaventura, seremala mpole asiyepandisha sauti hata akijigonga kidole kwa nyundo, aliahidiwa sweta la uchumba mwaka wa sitini na nane. Alipata mgongo. Mpaka leo mgongo ule unafunika redio yao.

Siku moja nilimuuliza ugonjwa huo aliupata wapi. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili, katika darasa la kazi za mikono, alifuma soksi. Alijiona amefuma vizuri. Mwalimu aliiinua mbele ya wenzake, akaonyesha kosa moja kisiginoni, akavuta uzi mpaka soksi ikaisha, kisha akamrudishia donge. "Anza upya," akamwambia. Germana alisema mwalimu hakuwa mkali, hata alitabasamu. Lakini tangu siku ile, akiipenda kazi yake tu, anaogopa. Nilihuzunika, nisiseme uongo. Kisha nikamtania ili asinione.

Hapo lazima nieleze. Mimi ni Mngoni wa Songea, yeye ni Mbena, na sisi ni watani. Naweza kumtukana babu yake mbele ya mchungaji na asikasirike. Wajibu wake ni kurudisha. Mbena asiyemjibu Mngoni amekubali kushindwa, na hilo Germana haliwezi hata akiwa na homa.

Sasa, mwaka wa tisini na moja, binti yake Prisila, aliyeolewa Ipelele kule Makete, akaandika barua. Alikuwa mjamzito. Germana aliniletea barua sokoni nimsomee, ingawa anajua kusoma kuliko mimi. Alitaka tu kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine. "Mama," Prisila aliandika, "usinunue shali la mtoto dukani. Nataka la mkono wako. Mimi utoto wangu wote nilivaa sweta nusu na sikulalamika. Mwanangu nataka avae kitu chenye ncha nne."

Germana aliikunja barua akaiweka kifuani.

Alikuwa na miezi mitano ya kulimaliza. Alichagua uzi wa rangi ya maziwa na wa samawati, uzi bora niliowahi kumuuzia. Alianza lile shali mara tisa. Nilihesabu. Kila Jumatatu nilimuuliza limefika wapi, na kila Jumatatu lilikuwa limefika mwanzoni.

Mwezi wa saba ndipo Halfan alipoleta habari. Halfan ni mtu wa Kilwa, alikuwa na Isuzu yake akibeba viazi kutoka Makete, na ndiye aliyekuwa posta yetu. Alituambia Prisila amejifungua mapema, wiki tatu kabla ya siku zake, mtoto wa kike, mdogo lakini mzima, wako hospitali ya Bulongwa. Kesho yeye Halfan anapanda kuchukua mzigo. Mwenye kwenda awe tayari alfajiri.

"Shali lina shubiri ngapi?" nilimuuliza Germana.

"Tatu."

"Linatakiwa kuwa na ngapi?"

"Tano."

Nikafunga turubai langu, nikachukua robota la makoti kama kisingizio cha biashara, na usiku ule Germana akalala kwangu. Alfajiri nikavaa sweta langu la kijani, sweta zuri kuliko yote yaliyowahi kupita mikononi mwangu, nililolificha chini ya rundo ili mteja asilione. Tukajipanga watatu ndani ya kebini, Halfan kwenye usukani, mimi katikati, Germana dirishani na sindano zake.

Kutoka Makambako mpaka Njombe ni lami, gari linateleza, mwanga mzuri. Nilidhani atafuma kama cherehani. Kumbe lami ilimpa nafasi ya kutazama. Alifuma mstari, akautazama, akaufumua. Akafuma miwili, akafumua mitatu. Tuliingia Njombe shali likiwa na shubiri mbili na nusu. Nyie, tulikuwa tumesafiri kilomita sitini na tulikuwa tumerudi nyuma.

Hapo hasira ikanipanda, hasira ya kweli, wala si utani. Halfan alikuwa amesimama anywe chai, na mimi nikamgeukia Germana.

"Sasa nimeelewa," nikamwambia. "Babu zetu walipopanda kutoka Songea na mikuki, babu zenu walikimbia. Lakini hata kukimbia hawakumaliza. Waliishia katikati ya njia, wakakaa, wakajiuliza kama mguu wa kwanza ulikanyaga vizuri."

Germana aliinua kichwa. Akanikazia macho.

"Na ninyi mlifuata nini kwenye baridi yetu, kama si viazi?" akasema. "Mlikuja na mkuki mkarudi na gunia."

Halfan alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu. Germana alikuwa akinitazama mimi, na sindano zilikuwa zikienda. Zilikwenda zenyewe, haraka, bila kukwama, kitanzi kwa kitanzi. Mikono ile ilijua kila kitu. Macho ndiyo yalikuwa yakiharibu kazi.

Basi nikajua kazi yangu ya siku hiyo ni nini.

Tulipoacha lami na kushika njia ya Makete nilianza na ulanzi, pombe ya mianzi. Nikasema Mbena akipewa kuchagua kati ya mtoto na kibuyu cha ulanzi, atauliza kwanza kibuyu kimejaa kiasi gani. Akanijibu kwamba Mngoni hasubiri kuulizwa, huwa ameshakunywa vyote viwili. Nikaingia kwenye ukoo wake, nikapanda ngazi kwa ngazi. Kufika Kipengere nilikuwa nimefika kwa baba wa babu yake, nikasema alijificha ndani ya mtungi wa maji vita ilipofika, na mkewe akaenda kuteka maji bila kujua. Germana alipiga dashibodi kwa kiwiko, sindano zikiwa hewani, na akaendelea kufuma kabla hazijashuka. Halfan alijitangaza refa. "Mbili kwa moja," alisema. "Mbena anaongoza."

"Anaongoza vipi?" nikamuuliza. Refa yule alikuwa ananunuliwa kwa maandazi.

Ubaya ni kwamba matusi nayo huisha. Barabara ilikuwa mbovu, ukungu umeshuka mpaka kwenye taa, na mimi nilikuwa nimewamaliza mababu zake wote. Nikaona macho yake yanaanza kushuka kwenye shali. Nikashika siasa. Wakati ule nchi nzima ilikuwa ikibishana kama tuwe na chama kimoja au vingi.

"Kimoja kinatosha," nikasema kwa sauti, ingawa nyumbani nilikuwa nimeshasema kinyume.

"Sindano moja haifumi," Germana akajibu bila kupumua, na tukabishana kwa mistari kumi na minane. Nchi iliamua baadaye, lakini shali lilifaidi kwanza.

Tukapita Tandala na shubiri nne na nusu. Nilikuwa nimekaukwa na koo na nina furaha ya kijinga, kama mtu aliyeficha kuku wa jirani chini ya kanga. Mara Germana akasimama. Akatazama kikapuni. Akatia mkono, akapapasa chini, akautoa mtupu.

"Uzi umekwisha," alisema.

Vipande alivyokata na kutupa kila alipoanza upya, mara tisa zile, vilikuwa vimeula uzi huko kwake Njombe. Nusu shubiri tu ilibaki. Halfan alipunguza mwendo kana kwamba hiyo ingesaidia. Germana akaweka sindano mapajani, na nikaona ule uso wa msichana wa miaka kumi na miwili ukirudi.

"Hata hivyo halikuwa zuri," alisema polepole. "Bora nilifumue, nimwambie Prisila nitaanza upya."

Nikatafuta tusi, nikalikosa. Nikafanya la kwanza lililonijia. Nikashika pindo la sweta langu la kijani nikamsukumia.

"Hili litakubali?"

Alinitazama mimi, akatazama sweta. Kisha ufundi ukamshinda, vidole vyake vikapita kwenye pindo. "Lilifumwa kuanzia shingoni," alisema. "Linafumuka kutoka chini. Lakini Maua, hili si ndilo lako la..."

"Vuta, Mbena wewe, kabla sijabadili mawazo."

Akavuta. Sijawahi kupanda gari la namna ile. Yeye anafuma, mimi naisha. Kila shimo la barabara lilinipunguzia mstari. Uzi ulitoka kiunoni kwangu moja kwa moja mpaka kwenye sindano zake, na ilinibidi nijizungushe kwenye kiti ili usikwame, kushoto, kulia, kushoto, huku nikimtukania mama yake mdogo. Halfan alicheka mpaka akashindwa kuendesha, akasimamisha gari pembeni akaweka kichwa kwenye usukani. Tulifika Bulongwa saa kumi alasiri. Sweta langu lilikuwa limefika chini ya kifua, tumbo langu limefika Makete kabla yangu, na Germana alikuwa akifunga mstari wa mwisho akitembea kwenye ua wa hospitali.

Prisila alikuwa kitandani na kitoto kidogo mno. Alimwamkia mama yake, akaniamkia na mimi, kisha macho yake yakaenda kwenye shali. Alilitandaza juu ya magoti akagusa ncha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipogusa ya nne, kwenye ukingo ule wa kijani, alianza kulia huku anacheka, akamfunika mtoto.

Uzi wa mwisho ulikuwa bado unaning'inia, haujakatwa. Na ndipo Germana alipotazama shali lote kwa mara ya kwanza tangu Njombe. Nilimwona akiliona. Katikati kulikuwa na kitundu, na karibu na ukingo mstari mmoja ulikuwa umepinda kama barabara ya Kipengere. Hata mimi niliviona, mimi nisiyeona kitu. Mkono wake ukaenda kwenye uzi ule. Prisila akamshika mtoto kwa nguvu. Nikanyoosha mkono nimzuie.

Germana aliinama akaweka kidole kwenye kitundu.

"Hapa ni Kipengere," alisema. "Hapa ndipo ulipomtia babu kwenye mtungi." Kidole kikaenda kwenye mstari uliopinda. "Na huku ni vyama vingi." Akaanza kucheka, kwanza taratibu, halafu mabega yote. "Nikifumua hapa, Maua, itabidi turudi mpaka Makambako."

Akainama akakata uzi kwa meno.

Muuguzi aliyepita alinitazama tumbo akaniuliza sweta langu limepatwa na nini. Nikamjibu kwamba nilikutana na Mbena njiani.

Nusu ya sweta langu Germana aliichukua, akasema atanimalizia. Mnamjua, na mimi nilimjua, kwa hiyo sikungoja. Lakini miezi minne baadaye, Jumatatu, alikuja sokoni akanitupia kifurushi. Sweta zima, mikono miwili, kijani mpaka kifuani na rangi ya maziwa kushuka chini. Nilishangaa, na kwa kuwa nilikuwa karibu kulia nikaligeuza juani, nikakunja uso, nikatafuta. Nilipata makosa mawili. Nikamtangazia soko zima yalipo, kwa sauti, mstari na kitanzi.

"Najua," Germana akasema. Alichukua madonge yake mapya akatia kikapuni, akasema hana muda wa kukaa. Anawahi basi, anakwenda kumpima Bonaventura mabega.