Mtani wa Bibi Oru

Siku sita za wiki Eufrazia aliendesha foko, ile mashine yenye meno mawili mbele, akinyanyua mizigo kwenye yadi ya makontena Kurasini. Siku ya saba alikwenda misa, akarudi kwake Temeke, akala wali, na ilipotimu saa tisa alasiri akawa Nankuta, mshika mkuki wa Bonde la Kindoro, mwanamke asiyeogopa mtu wala jini. Alikuwa na miaka arobaini na nne na watoto wawili wakubwa. Majirani waliomwona akielekea mtaa wa pili na daftari lake kwapani walidhani anakwenda kwenye jumuiya. Hakuwasahihisha. Angeanzia wapi kueleza?

Alikuwa akienda kwa Walid, nyuma ya duka la madaftari na kalamu ambalo ukoo wao wa Kiarabu umekuwa nalo tangu enzi za babu. Walid alikuwa msimulizi. Alibuni nchi nzima kichwani mwake, yenye milima, mazimwi na wafalme wenye roho mbaya, na wenzake watatu wakaishi humo, kila mmoja akiigiza mtu wa kubuni: Eufrazia, Ahlam ambaye ni dada yake Walid, na Elinaza, kijana fundi simu. Walid anakwambia unaona nini, wewe unamwambia unafanya nini, na penye mashaka dadu yenye pande ishirini inakata shauri. Watu wazima na akili zao, wanagombana juu ya zimwi lisilokuwepo! Lakini ulikuwa mwaka mmoja na nusu, na Eufrazia hakukosa hata Jumapili moja, isipokuwa zile mbili alizokwenda Masasi kumzika mama yake.

Sasa, katika mchezo huo lugha nazo zina taratibu zake. Kila mtu huanza na mbili, ya nyumbani na ya sokoni. Ya tatu unaweza kulipia mwalimu na kungoja majuma kadhaa. Ila zile adimu, zilizobaki midomoni mwa wachache, Walid alizitungia sheria ngumu: umtafute mwenye nayo, akubali kwa hiari yake, halafu ukae naye siku arobaini. Ahlam aliwahi kulalamika kwamba kitabu cha mchezo hakisemi hivyo. Walid alimjibu kwamba kitabu kina wenyewe, na kwenye meza hii kadhi ni yeye.

Kimwamba ndicho kilichomkosesha Eufrazia raha. Kilikuwa lugha ya watu walioishi ndani ya majabali, na aliyekijua alibaki mmoja tu, Bibi Oru, ambaye tangu amzike mumewe alifunga mdomo wake na hakuongea tena. Mlango wa bwawa ulikuwa umeandikwa kwa Kimwamba, na asiyekijua hakuweza kuufungua. Nyuma yake ndiko yaliko maji ya Bonde zima. Nankuta alikuwa ameapa kwamba asipoufungua hatarudi kwao, maana yake Eufrazia angeichana karatasi iliyoandikwa habari zote za Nankuta, na Nankuta angekuwa amekwisha. Wenzake walikuwa wameshajaribu wakashindwa. Ahlam, ambaye ni mchawi huko, alimpelekea bibi vitambaa na manukato, bibi akampa mgongo. Elinaza alisoma uganga wa kuelewa maneno yoyote yanayosemwa, na alijisifu sana, mpaka alipokumbushwa kwamba asiyesema hana cha kueleweka.

Lilibaki jaribio moja. Masika ya huko yalibakiza siku arobaini na moja tu, mto ungefurika na kufunga njia, na bibi mwenyewe alikuwa mgonjwa. Wiki nzima Eufrazia aliwaza hilo juu ya foko, hata msimamizi wake akamuuliza, "Mama, unaongea na nani huko juu?"

"Na bibi mmoja hivi," alijibu. "Ila yeye haongei na mimi."

Jumapili ilipofika, Elinaza alimwamkia, "Shikamoo dada," naye akaitikia marahaba kama mtu anayeingia kwenye mtihani.

"Haya, dada Eufrazia," Walid alisema walipokwisha kukaa. "Umefika pangoni. Bibi Oru kakaa juu ya ngozi, kakupa mgongo. Unafanya nini?"

Eufrazia aliigeuzageuza dadu mkononi. "Subiri kwanza, mdogo wangu. Watu wetu wa Bonde na hawa wa Mwamba, walishawahi kupigana?"

Walid alipekua daftari lake. "Walipigana. Miaka mia mbili nyuma, vita vya chumvi. Walichinjana sana, mwisho wakapatana, wakawa wanaoana."

Eufrazia alipiga meza, kalamu zikaruka. "Basi huyo mtani wangu!"

"Mtani kama wale wa mpira?" Elinaza aliuliza.

"Wa mpira wameiga tu. Sie Wamakua tunao wa kweli. Mlipigana zamani, mkapatana, basi mpaka mwisho wa dunia yeye anakutukana na wewe unamtukana, na hakuna wa kununa. Hasa msibani."

Alisema hivyo na moyo wake ukarudi Masasi. Siku tatu baada ya kumzika mama yake alikaa mkekani bila neno wala chozi, ndugu wakaanza kumwogopa. Wakampa uji, hakunywa. Wakamwombea, hakuitikia. Ndipo akaingia Marietha, mama mmoja Mngoni, mtani wa ukoo, amevaa kitenge cha marehemu na kutembea kwa mwendo ule ule wa marehemu wa kubinuka upande, huku akifoka kwamba mama amekufa kwa uchoyo ili asimpikie maharage aliyomwahidi. Eufrazia alicheka. Kisha akalia, akalia sana, na baadaye akaomba chai.

Aliinuka. Alichukua kanga ya Ahlam iliyokuwa juu ya kiti, akajifunga kichwani, akashika ufagio wa dukani kama mkongojo, akamkabili Walid.

"Wewe Oru!" alifoka. "Nasikia mumeo kafa. Kafanya makusudi! Alijua nakuja kuchukua kigoda changu. Na wewe umenuna nini? Chumvi yetu mliyoiba ndiyo imekukausha koo? Sogea huko, hii ngozi sasa yangu. Na mbuzi wako mmoja nimeshamla hapo nje, hana hata nyama, kakonda kama mwenyewe!"

"Astaghfirullahi!" Ahlam aliziba mdomo. "Dada, huyo si mfiwa?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Kisha akazunguka meza akiwa marehemu mume wa Bibi Oru, mzee ambaye hakuna aliyewahi kumwona, akichechemea na kulalamikia mboga. Walid alijitahidi kubaki na uso wa bibi mwenye majonzi. Aliuma midomo. Akajifunika daftari. Mwisho mabega yakaanza kumtikisika, na alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa machozi ya kicheko.

"Bibi Oru anageuka," alisema, na wote wakasimama. "Anakuangalia kuanzia juu mpaka chini. Anakuonyesha tumbo lako kwa kidole, halafu anasema: *Gharu mbe toko!*"

"Kumbe!" Eufrazia hakungoja tafsiri. "Na wewe gharu mbe toko! Na mbuzi wako gharu mbe toko!"

"Bibi anacheka," Walid alisema. "Anacheka mpaka anakohoa."

Ahlam alikuwa wa kwanza kurudiwa na akili. "Jamani, sheria ni sheria. Mwalimu kukubali ni kumi na nane kwenda juu. Atupe dadu."

Furaha ikapungua ghafla, kwa sababu alisema kweli. Eufrazia aliitazama dadu kiganjani. Pande ishirini, na kumi na saba kati ya hizo zingemuua Nankuta.

"Situpi," alisema taratibu. "Dadu ni ya kuuliza kama atakubali. Mtani haombi ruhusa. Akishakurudishia tusi, umeshaingia ndani, kakupokea. Kama mnabisha, nendeni Masasi mkaulize."

Walid alijiweka sawa kitini, kadhi kweli kweli. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua dadu, akaitia mfukoni mwa shati lake. "Imepita," alisema.

Siku arobaini zilikwenda kwa nusu saa, na ilikuwa nusu saa tamu kuliko zote za mwaka ule. Bibi alitukana, Nankuta akarudisha, na kila tusi likaacha neno: tumbo, mguu, mbuzi, chumvi. Baadaye yakaja maneno ya kazi, ya mvua, na majina ya waliokufa, moja moja, kila jina na kichekesho chake. Na walipofika mlango wa bwawa, Nankuta akasoma maandishi yake kwa sauti, kumbe yalikuwa utani: *Wala chumvi wa Bonde, kwa miguu hiyo mifupi mtavukaje kizingiti?* Akaujibu mlango kwa Kimwamba, jibu lisiloandikika hapa, na maji yakatoka. Eufrazia alipiga kigelegele hadi mteja aliyekuwa akinunua rula akachungulia kuuliza kama kuna harusi.

Kelele zilipotulia Walid hakuwa akicheka tena. Alilisukuma daftari lake mbele ya Eufrazia, likiwa wazi kwenye ukurasa alioandika juma lililopita. Ulikuwa na mistari mitatu. *Masika yanaanza. Bibi Oru anafariki. Kimwamba kinakwisha.*

"Zaidi ya dadu sikuweka njia, dada," alisema. "Nilijua mngeshindwa tu. Nilitaka muone kwamba kuna vitu vinakwishaga."

Eufrazia aliisoma mara mbili, kisha akasikia furaha ambayo hakuwahi kuipata hata siku aliyopewa leseni ya foko. Alichukua kalamu ya Walid, akaikata mistari yote mitatu, polepole na kwa nguvu. Chini yake akaandika: *Wanaoongea Kimwamba: wawili.*

"Andika watatu," Ahlam alisema. "Mie tusi moja nimeshalijua."

"Tusi moja si lugha."

"Wewe ulianza na mangapi?"

Eufrazia aliinua kidole kimoja, akacheka. Akaikata *wawili*, akaandika *watatu*.